Mwaka wa Ukimya wa Dana

Msichana aliyeletwa darasani kwangu mwezi uliopita kufanya mazoezi ya ualimu alikuja na abaya iliyopigwa pasi vizuri, raba nyeupe na kikombe cha chai ya karak mkononi, akaambiwa akae popote. Viti vyetu ni vya watoto wa miaka minne. Wageni wengi husimama, au huegemea dirisha wakijifanya wanapenda kusimama. Yeye alivuta kiti, akakaa, magoti yakamfika kifuani, akaanza kunitazama. Hakunitazama machoni, alitazama mdomo wangu. Nilikuwa nawaeleza watoto habari za kipepeo, na ghafla nikapoteza maneno, nikarudia sentensi ileile mpaka mtoto mmoja akanisahihisha. Nilikuwa nimemjua kabla mwalimu mkuu hajamtaja jina. Dana. Mimi huyu nimemfunga kamba za viatu, nimempangusa kamasi, nimembeba akiwa amelala, na leo ananiita Miss na kuniuliza choo cha walimu kiko wapi. Hakunikumbuka hata chembe, wala sikumlaumu. Nani humkumbuka mwalimu msaidizi wa chekechea? Lakini tangu siku hiyo, nikifika nyumbani Al Mansoura na kuteleka maji ya chai, ule mwaka wangu wa kwanza Doha unanirudia wote, na moyo unanikaa vibaya.

Shule ilikuwa nyumba ya kuishi, ghorofa mbili, iliyogeuzwa chekechea. Darasa letu lilikuwa sebule ya wenyewe, bado na ile taa kubwa ya vioo vinavyoning'inia darini, na saa ya kupumzika watoto walilala chali kwenye mikeka wakivitazama vile vioo mpaka usingizi ukawachukua. Mimi nilikuwa binti mdogo bado, cheti changu cha ualimu wa watoto kikiwa hakijapata hata mkunjo, na Miss Carol ndiye aliyekuwa mwalimu wa darasa. Alikuwa Mwingereza mrefu mwenye kicheko cha kusikika hadi langoni, mtu wa kunywa chai nyepesi isiyo na sukari, na nilimpenda ingawa chai yake ilinisikitisha. Mwezi wa pili ulipoanza alitangaza kwamba tunaingia majira ya machipuko. Nilitikisa kichwa kama mtu anayeyajua. Ukweli ni kwamba sikuwahi kuyaona. Kwetu kuna mvua na kuna kiangazi, na miti haimngoji mtu aipe ruhusa ya kuchipua. Basi nikakata maua ya manjano ambayo jina lake nililiuliza kwa siri, nikabandika pamba kwenye kondoo wa karatasi, na mtoto aliponiuliza theluji ikiondoka huenda wapi, nikamjibu kwamba huenda kwao, nikiomba Mungu Miss Carol awe hajasikia.

Watoto wenyewe walikuwa na machipuko yao, yasiyofanana kabisa na yale ya ukutani. Huo ndio wakati familia za hapa huenda kupiga mahema jangwani, hewa ikiwa ya baridi tamu, na kila Jumapili asubuhi shule inapofunguliwa mikoba yao ilimwaga mchanga sakafuni. Siku moja msichana mmoja alileta kitu cheusi cha mviringo, amekifunga kwa karatasi ya jikoni. Miss Carol akadhani ni kiazi kilichooza, akakitupa. Yule mtoto alilia kilio cha msiba. Kesho yake dereva wao alileta mfuko mzima, na salamu kutoka kwa bibi kwamba hicho si kiazi, ni faga, uyoga wa chini ya mchanga unaochimbwa baada ya mvua, na mwalimu aupike na samli. Miss Carol aliomba radhi mpaka nikamwonea huruma, kisha akaziweka faga mezani katikati ya kondoo na maua ya karatasi. Nilifurahi sana siku ile. Niliona kumbe hata yeye kuna mahali ni mgeni kama mimi.

Katikati ya kelele hizi zote alikuwapo Dana, aliyekuwa haongei. Tangu shule ilipofunguliwa hakuna aliyekuwa amesikia neno kutoka kwake, si Kiingereza wala Kiarabu. Hakuwa kiziwi, kwani ukimwambia kwa Kiarabu alete kalamu, alileta. Hakuwa mkaidi pia. Alikaa tu akitazama midomo yetu, na akitaka kitu alinyoosha kidole. Mama yake alikuwa mwanamke wa makamo yangu, mwenye kazi nzito ofisini, na kila Alhamisi alitoroka kazini aje kumchukua mwenyewe. Aliingia na harufu nzuri ya udi, anapiga magoti mbele ya mtoto, anamwambia maneno ya mapenzi, kisha anasimama na kumtazama Miss Carol. "Leo?" anauliza. Miss Carol anatikisa kichwa kwamba hapana. Siku moja nilimsikia mama huyo kwenye ukumbi akimwambia, "Nikimwambia lala salama, ananipungia mkono. Mwanangu ananipungia mkono kama mtu aliye garini." Uamuzi wa shule ulikuwa umeshatolewa: Dana asipozungumza kufikia sikukuu yetu ya machipuko, mwishoni mwa mwezi wa tatu, hatapanda darasa na wenzake. Atapelekwa kwenye kituo cha watoto wenye shida, mbali, ambako Miss Carol alikuwa amekwenda kupatazama, akarudi hana kicheko.

Siku nyingine zote Dana aliletwa na kuchukuliwa na yaya wake, Nekesa. Nilijua ni Mkenya, maana sisi tunajuana kwa namna ya kusimama tu, lakini hatukuwa tumesalimiana zaidi ya kwa nyusi. Alivaa lile gauni refu la kazi, rangi ya bluu, na dereva alikuwa akimsubiri na injini ikiunguruma. Alimshusha mtoto, akamwekea mkoba mgongoni, akamgusa paji la uso kwa kidole kimoja, akaondoka bila kusema kitu. Nilidhani labda na yeye ni mtu wa kimya. Nilidhani hata pengine mtoto amejifunza ukimya kwake.

Sasa nifike kwenye maharagwe. Miss Carol alitaka kila mtoto apande mbegu yake kwenye kikombe cha plastiki chenye pamba iliyoloweshwa, wawe wanaitazama ikiota mpaka siku ya sikukuu. Maharagwe nilijitolea kuyaleta mimi, kwa kuwa ndicho kitu pekee katika hayo machipuko yao ambacho nilikuwa na hakika nacho. Nikanunua dukani Al Mansoura, yale mekundu yenye madoa, nikayachambua, nikayaloweka kwenye sufuria jikoni mwa walimu ili kesho yake tuyapande. Sikuandika karatasi wala kumwambia mtu. Asubuhi akaingia Kimani, askari wetu wa lango, mtu wa Kiambu, ametoka zamu na njaa yake. Akaona sufuria. Sasa, nenda popote duniani, Mkenya akikuta maharagwe yamelowekwa, hajiulizi maswali. Kimani aliamua kwamba ticha amebanwa na watoto, na kwamba yeye kama mwungwana ni lazima amsaidie. Akayateleka. Akafungua mikebe yake miwili ya mahindi, akakaanga kitunguu na nyanya, ikawa githeri kamili, na ilipofika saa ya mapumziko nyumba nzima, mpaka ofisi ya mwalimu mkuu, ilikuwa inanukia bweni la shule ya kwetu.

Nilishuka ngazi kama nafukuzwa. "Kimani! Umefanya nini? Hizo ni mbegu!"

"Mbegu gani, ticha?" Alikuwa na mwiko mkononi na furaha usoni. "Mimi nimepata maharagwe imelowekwa, haina mwenyewe. Nikasema huyu dada wetu leo ametukumbuka. Kumbe ni za kupanda? Ngai! Si ungeweka hata ka-karatasi?"

"Watoto wanazingoja juu!"

"Basi waambie zimeiva mapema."

Nilitaka kukasirika nikashindwa, nikashika meza nikicheka, na hapo ndipo tuliposikia sauti mlangoni. Ilikuwa sauti ndogo, safi, isiyo na haraka. "Na mimi nataka githeri," ilisema. "Usiniwekee pilipili."

Kimani hata hakugeuka. "Haina pilipili, mrembo. Keti hapo nikupoeshee kidogo." Kisha akageuka, akaona ni mtoto wa nani. Mwiko ulimponyoka. "Ticha," akasema polepole, "si huyu ni yule bubu?"

Dana alikuwa ametoroka mstari wa kwenda bustanini, akafuata harufu. Alisimama pale na kofia yake ya karatasi yenye masikio ya sungura, akitazama sufuria kwa njaa ya mtu aliyefika kwao. Nilichuchumaa mbele yake. Nikamuuliza kwa Kiswahili, nikiogopa kwamba nikipaza sauti atafunga tena mdomo, ni nani humpikia githeri. "Mama," akasema, akishangaa swali lenyewe. "Kwa chumba chetu. Tunakula na mkono, halafu ananiambia hadithi ya fisi." Nilijaribu kumwona yule mwanamke wa udi na viatu virefu akila githeri kwa mkono kwenye chumba kidogo na kusimulia mambo ya fisi. Ilinichukua muda kuelewa ni mama yupi. Alikuwa akimsema yaya wake. Kimani naye alikuwa ameshaelewa, kwa sababu alichukua sahani, akampakulia mtoto vijiko vichache, na kusema bila mzaha wowote, "Hii maneno ibaki hapa jikoni, ticha. Kuna mtu itamharibia."

Ijumaa iliyofuata nilimtafuta Nekesa kule Mesaimeer, kwenye makanisa. Mabosi wake walimruhusu kwenda kanisani, dereva anamwacha na kumrudia, na nilimkuta nje baada ya ibada, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, pale ambapo watu wetu husimama wakipeana habari za nyumbani na chapati zilizofungwa kwenye karatasi ya fedha. Nilipomwambia kwamba Dana amesema nami, alifunika mdomo kwa leso. Nilidhani ni furaha. "Nani mwingine amesikia?" akauliza. Nikamwambia ni mimi na askari tu.

"Mwalimu, usiniuze," akasema. "Mimi nilikuja hapa huyu mtoto ana miezi mitatu. Madam alirudi kazi, mzee anasafiri. Kwa hiyo nyumba kubwa tulikuwa mimi na yeye. Waliniambia niongee na yeye Kiingereza. Kiingereza changu mimi ni cha yes na sorry. Sasa mtoto analia, unamwambia sorry mpaka lini? Nikaanza kumwongelesha yetu. Ningeongea na ukuta?"

"Na wazazi hawajawahi kumsikia?"

"Akiwa na wao ananyamaza. Mimi ndiye nilimfunza. Nilimwambia hii lugha ni yetu wawili, asiseme kwa watu." Alivuta pumzi. "Kumbe aliona heri asiseme kabisa."

Nikamuuliza kuhusu lile neno, mama. Alitazama chini kwenye mchanga. Alisema amemkataza, amemwambia mama ni yule anayekuja jioni na yeye ni Nekesa tu, lakini mtoto hataki kusikia. Kisha akaniambia jambo ambalo sijalisahau mpaka leo. Alikuwa na mwanawe huko Kitale, Brayo, rika moja na Dana, amemwachia nyanyake akiwa hajaacha kunyonya. "Huyo wangu nikimpigia simu ananiita auntie," akasema. "Huyu wa watu ananiita mama. Mwalimu, mimi nifanye nini? Madam akijua ananirudisha hiyo wiki. Halafu huyu mtoto atabaki anaongea na nani?"

Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu, na wakati ulikuwa unatukimbia. Dana asiposema, anapelekwa kituoni. Akisema Kiswahili, Nekesa anaondoka. Palikuwa na njia moja tu ya katikati, isiyompoteza mtu: aongee Kiingereza kabla ya sikukuu, na hakuna atakayeuliza maneno yaliyotangulia yalikuwa ya wapi. Nilinunua maharagwe mengine, safari hii nikayawekea karatasi yenye herufi kubwa, na Kimani akaisoma kwa sauti kila alipopita. Tulipopanda, nilikaa sakafuni na Dana kwenye pembe ya vitabu, nikimnong'oneza. Mbegu, halafu kwa Kiingereza. Maji, halafu kwa Kiingereza. Nilimwambia kwamba Kiswahili hakiendi popote, tunakijengea tu nyumba ya pili. Alinong'ona naye, mdomo ukinigusa sikio, na pumzi yake ya maziwa naisikia hata sasa nikiandika. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena. Nilikuwa mbali na kwetu, nalala chumba kimoja na wanawake watatu, na kila asubuhi kulikuwa na mtoto ambaye, kati ya watu wote wa jengo lile, alikuwa amenihifadhia mimi maneno yake.

Miss Carol hakuwa mjinga. Asubuhi moja alitukuta, akasimama nyuma ya kabati la vitabu akisikiliza, na nilipoinua uso macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Aliniuliza ni lugha gani. Nikamwambia ni ya kwetu. Alifikiri kidogo, akatazama nje langoni ambako gauni la bluu lilikuwa linaingia garini, nikaona ameunganisha. "Sitauliza," akasema. "Hakikisha tu anasema kabla mwezi haujaisha." Tangu siku hiyo alikuwa akitutengea nafasi, akiwapeleka wengine bustanini kabla ya wakati na kujifanya anatafuta miwani yake.

Sikukuu ilifika. Tulifungua madirisha yote, hewa ikiwa bado ya kuvumilika, tukawapanga wazazi kwenye vile viti vidogo na watoto kwenye mkeka, kila mmoja na kikombe chake. Mama Dana alikaa mbele, mgongo umenyooka. Mume wake alikuwa amesafiri. Nekesa alisimama mlangoni kwa nje, kando ya rafu ya viatu, pamoja na mayaya wengine, maana hapo ndipo mahali pao. Watoto walisema mmoja baada ya mwingine. Wengine walipiga kelele, mmoja akamwaga maji. Ilipofika zamu ya Dana chumba kizima kilitulia, kwani kila mzazi alikuwa amesikia habari za mtoto asiyesema. Alisimama. Alitazama mdomo wangu. Nilijikaza nisiusogeze. Kisha akainua kikombe na kusema kwa Kiingereza, taratibu, kila neno mahali pake, kwamba haragwe lake limeota, lina majani mawili na linataka jua.

Watu walipiga makofi mpaka vile vioo vya taa vikalia. Mama Dana alikuwa ameshashuka chini, amepiga magoti sakafuni na vazi lake la thamani, analia waziwazi, amefungua mikono. Tulikuwa tumefaulu. Niliwaza hivyo kabisa, kwa maneno hayo: tumefaulu. Dana alikimbia. Akapita kando ya ile mikono, akapita viti, akapita mlango, akamrukia Nekesa shingoni palepale kwenye viatu, akapaza sauti ambayo hatukuwahi kuisikia, sauti ya mtoto wa kawaida mwenye furaha: "Mama! Nimesema! Umenisikia, mama? Nimesema!"

Nekesa hakumkumbatia. Hilo ndilo lililoniuma zaidi ya yote. Alisimama mikono imekufa ubavuni, na mtoto akiwa amemning'inia shingoni, akimtazama madam wake juu ya kichwa cha Dana. Mama Dana alibaki vilevile, magoti chini, mikono wazi. Kisha akaishusha. Aliinuka, akajipangusa uso, akanijia. "Amesema nini?" akaniuliza kwa Kiingereza chake kizuri. Nikamwambia: anasema amezungumza, anauliza kama amesikiwa. Neno la kwanza sikulitafsiri, naye hakuniuliza. Miss Carol akaanza kugawa keki kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mama Dana alirudi siku iliyofuata peke yake, watoto wakiwa bustanini, akakaa kwenye kiti kidogo na kuniomba nikae naye. Nilikuwa nimejiandaa kwa ghadhabu, na ghadhabu ningeiweza. Aliniuliza tu mtoto wake husema nini kwa lugha hiyo. Nikamweleza: githeri, hadithi ya fisi, kwamba vile vioo vya taa ni mvua iliyosahau kuanguka. Alicheka kidogo kwa hilo, halafu akalia tena. "Sina hasira naye," akasema. "Amemlea vizuri kuliko nilivyoweza mimi. Ndiyo maana hawezi kubaki. Nikimwacha, huyu hatakuwa wangu kamwe." Nimeyafikiria maneno yale miaka hii yote. Kuna siku namwona alikuwa mkatili. Kuna siku, hasa baada ya mimi mwenyewe kuelewa kwamba sitajaliwa mtoto, namwona alifanya ambacho mwanamke yeyote mwenye mtoto mmoja angefanya. Alichukua likizo ndefu kazini, akawa anamleta Dana mwenyewe kila asubuhi, na walikuwa wakishuka garini wakiwa wageni wawili wanaojaribu kuzoeana.

Nekesa aliondoka kwa heshima zote, na masanduku ya zawadi. Ijumaa yake ya mwisho alinipigia nimsindikize kwenye maduka ya Al Mansoura, akanunua sabuni, blanketi, na mwisho akaingia duka la viatu vya watoto. Mwuzaji akamuuliza namba ya mtoto. Hakuijua. Alisimama na kiatu cha mvulana mkononi, akakipima kwa kiganja, akakirudisha, akachukua kingine, akakipima tena. "Nipatie kama cha Dana," akaniambia mimi, si yule mwuzaji. "Hicho ndicho mguu najua." Nikaomba namba ya Dana, kwa kuwa niliijua pia. Tulitoka nje tukapigwa na jua. Alinikumbatia kwa nguvu, akaniomba nimwangalizie mtoto.

Nilimwangalia, kadiri nilivyopewa nafasi. Dana alipanda darasa. Wiki za mwanzo alinijia kila siku akinong'ona, akiuliza mama atarudi lini, nami nikamjibu uongo mdogomdogo wa kumbembeleza. Baada ya hapo aliuliza kwa nadra. Kiarabu kilimjia kama maji yaliyofunguliwa, kisha Kiingereza, akawa msemaji wa darasa, mpaka Miss Carol akawa anamwomba anyamaze na kucheka mwenyewe kwa kumwomba hivyo. Shule ilipofunguliwa tena baada ya joto la kiangazi nilimkuta kwenye ngazi, nikamsalimu kwa Kiswahili. Alinitazama mdomo, akatabasamu kwa adabu, akamgeukia mwenzake akamwambia kwa Kiingereza kwamba Miss anaongea maneno ya kuchekesha. Niliingia chooni nikalia. Natamani nisingekuwa nimeona jinsi kitu kizima cha namna ile kinavyoondoka, bila kishindo, kwa likizo moja tu.

Ndiyo maana mwezi huu wote nimekuwa nikimtazama huyu msichana mkubwa akibandika vipepeo ukutani, na nimejizuia. Ningemwambia nini? Mama yake yu hai, ni marafiki wakubwa, humpigia simu kila mapumziko nikiwasikia wakicheka. Nilijiambia kwamba yaliyokwisha yamekwisha. Kisha Jumatano, bustanini, kitoto kimoja cha kike kilianguka kwenye zege kikachunika goti, kikaangua kilio. Dana alikuwa karibu kuliko mimi. Alikiokota, akakipakata, akaanza kukiyumbisha, na nikamsikia: "Pole, mayi. Pole, mayi. Yameisha."

Mayi ni mama kwa Kibukusu, na wanawake wa kwao Nekesa huwaita hivyo mabinti zao wakiwabembeleza. Mimi si Mbukusu, sikuwahi kumwambia Dana neno lile, wala hakuna mtu mwingine Doha hii ambaye angeweza kumwambia. Nilimsogelea. Nilimuuliza amelitoa wapi. Alifikiri, kile kitoto bado kimemlalia begani. "Sijui, Miss," akasema. "Ni sauti tu. Mimi huisema nikimbembeleza mtu. Hata mama yangu nikimwona ana huzuni namwambia. Ina maana?" Nikamwambia ina maana. Nikamwambia palikuwa na mtu anaitwa Nekesa. Alilirudia jina lile, akakosea kidogo, akalirudia tena. Hakukumbuka chochote, lakini hakukitua kile kitoto chini, na aliniomba nimweleze yote.

Jioni nilimpigia Nekesa. Miaka imepita hatujaongea, zaidi ya salamu za Krismasi, na nilisikia jinsi sauti yake ilivyozeeka. Brayo ni mwanamume sasa, yuko Eldoret, anamsaidia vizuri, na humwita mama, ingawa alianza akiwa mkubwa. Nikamwambia nani yuko darasani kwangu. Nikamwambia kuhusu kitoto na goti.

"Alisema aje?" akauliza.

Nikamwambia.

"Hapana. Usiniambie na sauti yako. Vile yeye alisema."

Nikajaribu, nikiivuta ile a kidogo, nikilaza neno la mwisho kama anavyolilaza yeye. "Pole, mayi. Pole, mayi. Yameisha."

Nilimsikia akivuta kiti, akikaa.

"Tena," akasema.